Chombo cha Kwanza cha Nyumba: cha Kuvulia na cha Kutembelea

Watu wa pwani wana desturi ya kumwendea mwalimu au padre wanapotaka kuandikiwa mapatano ya fedha, na katika mapatano hayo mojawapo lililo zito ni la kununua chombo. Maana nyumba inunuapo chombo kwa mara ya kwanza huweka ndani yake akiba ya miaka mingi, na juu ya akiba hiyo huweka roho za watoto. Basi yafaa mwalimu ayajue majina ya vyombo na tabia zake, apate kuuliza maswali ya haki kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwanza tuanze na majina. Wageni wa Ulaya wamezoea kuviita vyombo vyote vya tanga vya pwani hii kwa neno moja, linalofanana na dau letu. Mswahili hasemi hivyo. Kwake yeye dau ni chombo kidogo, kilichochongoka mbele na nyuma. Jahazi ni chombo kikubwa cha mizigo. Mashua ni chombo cha mbao chenye mkuku na mataruma, na nyuma yake imekatwa bapa. Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Na ngalawa ni mtumbwi uliotiwa mlingoti na tanga, ukafungwa matengo, yaani miti iliyokatizwa juu yake na kushika mbao za kuelea pande zote mbili. Kwa hiyo katika mapatano jina la chombo liandikwe sawasawa, kwa maana anayeandika "chombo" tu hajaandika kitu.

Baada ya majina, mnunuzi ana mambo matatu ya kupima: maji, mikono, na fundi.

Maji ndiyo ya kwanza. Katika Unguja na pwani inayoikabili, wakati wa bamvua bahari huweza kupanda na kushuka karibu mita 4, na kati ya kujaa na kupwa ni muda wa saa 6 hivi. Mahali palipokuwa pa kuogelea asubuhi, adhuhuri huwa ni mchanga na miamba. Mashua ikikutwa hapo na maji yakipwa, hulala ubavu, na wenyewe hawana budi kungoja maji yarudi. Ngalawa hupita penye maji machache, tena watu wachache huweza kuisukuma mpaka penye kina. Lakini mwenye kukaa kando ya mto au hori lenye maji mengi sikuzote, hana sababu ya kuiogopa mashua. Tena aulizwe mnunuzi: wavua ndani ya mwamba, au nje yake? Kaskazi yavuma tangu Desemba hata Machi, na kusi hufuata, nayo ina nguvu zaidi katikati ya mwaka. Chombo cha ndani ya mwamba hakifai kupelekwa nje siku za kusi kali, hata kama samaki ni wengi huko.

La pili ni mikono. Methali husema, "Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi, ni Mungu kupenda." Watu wengi huitumia kwa habari za maskini tu, nao hawajui asili yake baharini. Kwenda joshi ni kwenda karibu na upande utokako upepo. Jambo hilo lataka tanga zima na watu wenye nguvu. Basi mnunuzi asinunue kwa kutegemea nusu ya pili ya methali. Na ahesabu mikono, si vichwa. Nyumba yenye baba, mama, bibi, kijana mmoja mkubwa na watoto wanne ni vichwa vinane. Lakini kama wanaojua bahari ni baba na kijana, mabaharia ni wawili, na waliosalia ni abiria. Ngalawa huendeshwa na wawili, mmoja kwenye usukani na mmoja kwenye tanga. Foromali ya mashua ni nzito, na upepo ukigeuka ghafula wawili hawatoshi.

La tatu ni fundi. Matengo ya ngalawa yamefungwa kwa kamba. Yakilegea, mwenyewe huyafunga pale pale ufukoni. Mashua sharti ikalafatiwe kwa pamba na sifa, na sehemu ya chini ipakwe deheni, wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Siku hizi ziko boti za faiba, nazo ni nyepesi na hazitaki kalafati. Lakini zikipasuka dawa zake hutoka mjini. Tena faiba yenyewe ni nzito kuliko maji, kwa hiyo boti isiyowekewa vyumba vya hewa au povu la kuelea, ikijaa maji huzama. Bali gogo la mwembe likijaa huendelea kuelea, na mtu aweza kulishika.

Sasa tuangalie kuvua na kutembea, maana matakwa haya mawili hugombana. Mvuvi ataka nafasi ya dema, nyavu na mishipi, wala hajali kulowa. Abiria ataka pa kukaa pakavu. Ngalawa ina tumbo jembamba, na watu hukaa mmoja nyuma ya mwenziwe. Kwa hiyo siku ya matembezi vyombo vya kuvulia vibaki pwani, na siku ya kuvua watoto wabaki nyumbani. Jamaa wakiwa wengi, waende kwa zamu. Mwezi wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Ikiwa meli hushindwa na mzigo uliozidi, ngalawa itafanyaje?

Kabla ya kulipa, chombo kijaribiwe. Kigongwe kwa rungu dogo toka omo hata tezi, maana mbao iliyooza hutoa sauti ya kufa. Kisha kipelekwe penye maji ya kiunoni, wakae ndani watu wazima kadiri ya wale watakaochukuliwa, itazamwe ukingo umebaki juu kiasi gani. Mwisho kitiwe maji kwa makusudi, ionekane kama wawili waweza kuyafua. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kujibu.

Katika mapatano yaandikwe pia tanga, nanga, kamba, makafi na kata ya kufulia maji, kwa kuwa mara nyingi ugomvi huzuka juu ya hivyo. Chombo cha uvuvi chataka kuandikishwa na kupata leseni ya serikali, na kila abiria awe na jaketi la kuokolea maisha.

Basi mwalimu akiulizwa na nyumba yenye mabaharia wawili, ikaayo nyuma ya mwamba, ajibu bila kusita: ngalawa. Mashua na ingoje mpaka watoto wamejifunza kushika usukani.