Mahali pa Kuweka Jeki: Uzito, Udongo na Mteremko katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Barabara itokayo Mbuyu wa Mjerumani huupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi mjini Mbulu, ambako nchi ni ya vilima na miteremko. Upande wa Hanang, chini ya mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, zimeenea mbuga za Basotu, zilizojulikana kwa mashamba makubwa ya ngano tangu miaka ya 1970. Gari lipatapo pancha huko juu, ardhi imeinama. Lipatapo pancha mbugani wakati wa mvua, ardhi ni laini. Jeki ni ile ile, lakini matatizo ni mawili, na yote mawili ni ya fizikia ifundishwayo darasani.

Kwanza itazamwe ncha ya juu ya jeki. Gari halina nguvu sawa kila mahali. Katika Land Rover, Land Cruiser za zamani na malori, bodi imewekwa juu ya chesisi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma, na chini yake zimo ekseli na springi. Gari la namna hiyo lenye ekseli nzima huinuliwa chini ya ekseli, karibu na gurudumu, mahali springi inapokalia. Ekseli ikiinuliwa, gurudumu huachana na ardhi baada ya sentimita chache tu; ikiinuliwa chesisi, springi hujinyoosha kwanza, na jeki fupi yaweza kumaliza urefu wake gurudumu lingali chini.

Magari mengi madogo hayana chesisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo ibebayo mzigo. Katika hayo mtengenezaji huimarisha sehemu nne za ukingo wa chini ya milango: nyuma kidogo ya magurudumu ya mbele, na mbele kidogo ya yale ya nyuma. Aghalabu kila sehemu hutiwa alama ya vipengo viwili, ambavyo mkono huweza kuvipapasa hata gizani. Ni ustadi wenye faida, kwa kuwa kitabu cha gari lililotumika Japani mara nyingi huwa kimeandikwa Kijapani. Bakuli la oili chini ya injini, giaboksi na bati la sakafu si mahali pa jeki kamwe.

Sasa ncha ya chini. Gari la kilo 2,000 huweka yapata robo ya uzito wake juu ya kila gurudumu, nayo ni nguvu ya nyutoni 5,000 hivi. Kitako cha jeki chenye sentimita 10 kwa 10 kina eneo la mita ya mraba 0.01, kwa hiyo kanieneo chini yake ni kilopaskali 500. Udongo laini wa mfinyanzi hauwezi kubeba hata kilopaskali 75, na ndiyo maana jeki huzama badala ya gari kuinuka. Utingo mwenye kipande cha ubao mnene, sentimita 30 kwa 40, huligawanya tatizo hilo kwa 12: kanieneo hushuka hadi kilopaskali 42 hivi. Ubao mwembamba haufai, kwani hupinda na mzigo hurudi katikati.

Jambo la mteremko ni la hatari zaidi, na halieleweki vyema hata kwa madereva wa siku nyingi. Juu ya mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, gari hilo la kilo 2,000 husukumwa kuteremka kwa nguvu ya karibu nyutoni 2,000. Dereva huvuta breki ya mkono na kuamini kwamba amemaliza. Lakini katika Land Rover za zamani breki hiyo haishiki magurudumu. Hushika shafti ipelekayo nguvu kwenye difu ya nyuma. Na kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti. Gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, shafti imefungwa, lile lililo ardhini laweza kuviringika huku mwenzake akizunguka kinyume. Gari huteremka, jeki huanguka, ilhali breki ni nzima kabisa. Kuacha gari ndani ya gia hakuponyi, kwa maana gia nayo hupitia difu hiyo hiyo.

Mwalimu mwenye gari la shule aweza kulionyesha jambo hili bila hatari, uwanjani pasipo mteremko, magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa yamesimamishwa juu ya stendi imara na ya mbele yakiwa yamezuiwa: wanafunzi huzungusha gurudumu moja na kuona jingine likienda kinyume.

Kinachozuia ni kabari, iwe ya mti au jiwe lenye pembe, kwa magurudumu yanayobaki ardhini, upande wa mteremko, kabla jeki haijaguswa. Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini. Jeki ni ya kuinulia tu. Mwenye kuingia uvunguni kutazama springi au breki hutanguliza stendi za chuma chini ya chesisi au ekseli, kwa sababu jeki ya haidroliki husimama kwa nguvu ya oili, na mpira mmoja uliochakaa ndani yake watosha kuiachia. Gari likishashushwa, nati hukazwa mara ya mwisho kwa kupishana, kisha hukaguliwa tena baada ya mwendo mfupi.