Mangi Alikufa Lini? Cheo, Sheria na Neno Kilimanjaro

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, Mwika. Katika likizo hiyo alifariki mzee mmoja jirani yetu, wa ukoo uliowahi kutoa watawala. Mimi, kwa kosa la kusomea fasihi, nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Mstari wa kwanza tu ukaleta ugomvi. Shangazi yake marehemu, bibi wa miaka mingi, akaniambia: "Andika Mangi, mjukuu wangu. Baba zake walikuwa mamangi." Mzee mwingine wa ukoo huohuo akaruka: "Mangi wa nini? Umangi ulifutwa. Unataka mchungaji asome uongo mbele ya jeneza?" Wakanitazama mimi. Msomi, sema basi.

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta, kwa njia tunayofundishwa hapa chuoni: kulichunguza neno lenyewe.

Cheo chenyewe

Mangi ni mtawala kwa Kichagga. Zamani hakukuwa na mangi mmoja wa mlima mzima. Machame ilikuwa na wake, Kibosho wake, Kilema wake, Marangu wake, na Mwika pia, ingawa ilikuwa nchi ndogo. Cheo kilirithiwa ndani ya ukoo, kutoka kwa baba hadi kwa mmoja wa wanawe. Nasema "mmoja" kwa makusudi. Mangi alikuwa na wake wengi na watoto wengi, na kila mrithi alikuwa na ndugu aliyejiona anafaa zaidi. Kurithi kulitaka damu, lakini kulitaka pia watu wa kukuunga mkono.

Wadachi walipofika, mtu wa kuungwa naye mkono akabadilika. Tuangalie Moshi ya juu, yaani Old Moshi. Mangi Rindi alifariki 1891, akarithiwa na mwanawe, Meli. Mwaka 1892 Meli aliwashinda Wadachi vitani. Mwaka 1893 wakarudi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hadharani pamoja na viongozi wengine wa mlimani. Wakati huohuo Mangi Marealle wa Marangu, aliyeelewana nao, akapanuliwa madaraka upande wa mashariki ya mlima. Cheo kikabaki cha kurithi kwa jina, lakini ufunguo ukawa bomani. Waingereza nao hawakuurudisha. Mwaka 1946 waliugawa mlima katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja na mkubwa wake aliyeitwa Mangi Mwitori, juu ya mamangi wa zamani. Mwika ikawa Vunjo.

Kuzimika kwake

Wengi tunadhani serikali ya uhuru ndiyo iliyoanza kuuzima umangi. Kumbe Wachagga walianza wenyewe. Chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union, kilichoanzishwa 1949, kilidai mlima uwe na kiongozi mmoja atakayechaguliwa na watu. Aliyeshinda ni Thomas Marealle, mjukuu wa yule Marealle wa Marangu, akasimikwa Mangi Mkuu mwaka 1952. Tazama mchanganyiko huo: jina la kurithi, damu ya kurithi, lakini kiti cha kura. Na kura ina tabia moja, bwana: aliyekupa anaweza kukunyang'anya. Swali likaja, je, huyu Mangi Mkuu atakaa maisha yake yote? Mwaka 1960 watu wakapiga kura tena, wakaamua wawe na rais wa kuchaguliwa, na Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo. Mangi Mkuu alikuwa wa kwanza na wa mwisho. Marealle mwenyewe aliishi hadi 2007.

Kisha ikaja sheria ya 1963 iliyofuta utawala wa machifu Tanganyika nzima. Aliyekuwa madarakani, Mwalimu Nyerere, alikuwa mwenyewe mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki. Hakufuta cheo cha watu wengine tu. Alifuta na cha nyumbani kwao.

Kaizari na muuza duka

Hapa ndipo fasihi inapoingia. Mwaka huohuo wa 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu ya tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mhakiki asikimbilie kusema kwamba moja ilisababisha lingine. Ila hebu tuzisome pamoja. Katika tamthiliya hiyo watu wanamuua mtu kwa kuogopa asije akavikwa taji. Wanaua mwili. Nje ya jukwaa, historia inatuonyesha kilichofuata: jina la mtu huyo likageuka cheo. Watawala wa Roma wakaitwa Kaisari, kama tunavyosikia kanisani kila mara, na Wajerumani wakamwita mfalme wao Kaiser. Kaiser huyo ndiye ambaye watu wake walimnyonga Meli, na jina lake likabandikwa kwenye kilele cha mlima wetu. Kilele hicho kikaitwa Uhuru mwaka 1961.

Neno mangi limekwenda njia ya kinyume. Kaizari lilianza kama jina la mtu likawa cheo. Mangi kilikuwa cheo, kikawa jina la mtu yeyote. Nendeni duka lolote la mtaani Dar es Salaam. "Mangi, nipe sukari nusu." "Mangi, nikopeshe, nitalipa mwisho wa mwezi." Wachagga wengi walishuka mlimani kufanya biashara, na wateja wakawapa wote cheo ambacho sheria ilikwisha kukifuta. Sasa hata muuza duka asiye Mchagga huitwa mangi. Ni utani, lakini siyo utani mtupu: mwenye duka bado ndiye anayekupa au kukunyima.

Kwa hiyo mangi alikufa lini? Naona tutenganishe vitu viwili. Kuna ofisi: kuamua kesi, kugawa ardhi, kuamuru watu kazini. Hiyo ilikufa 1963, na yule mzee aliyekataa alikuwa na haki, kwani yeye aliwahi kuifanyia kazi hiyo ofisi akiwa kijana, bila malipo. Na kuna neno. Neno halimo mikononi mwa bunge, limo vinywani. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipewa na machifu jina la Chifu Hangaya, na hakuna aliyedhani sheria ya 1963 imevunjwa. Watu walijua tofauti.

Hitimisho

Usiku ule kabla ya mazishi nilikumbuka jinsi marehemu alivyosalimiwa kilabuni kwenye mbege: "Mangi, shikamoo." Hakutawala hata siku moja. Alikuwa na kihamba kidogo, migomba na kahawa, mpaka wake umepandwa masale kama mipaka yetu yote. Nikaandika mstari wa kwanza kwa jina lake la ubatizo na la baba yake, bila cheo. Katika aya ya tatu nikaandika: "Watu wa hapa walimwita Mangi, naye aliitika."

Mchungaji alipofika hapo, watu waliguna kwa kukubali, pamoja na yule mzee aliyepinga. Shangazi hakuguna. Aliniambia baadaye kwamba nimemweka mwanawe aya ya tatu. Mpaka leo hajaniridhia, na sina hakika kwamba amekosea. Anayeona nilipaswa kuandika vingine na aandike. Toleo lijalo lina nafasi.