Nguvu ya Amplifaya na Haja ya Hedifoni

Imeenea dhana miongoni mwa wapenzi wa muziki kwamba hedifoni yenye omu nyingi ndiyo ngumu kuiendesha, na kwamba mwenye kutaka raha kamili hana budi kununua amplifaya iliyoandikwa wati nyingi kupita zote. Nayo ni dhana ambayo hesabu fupi yatosha kuibatilisha.

Tutwae Sennheiser HD 650, yenye omu 300, ambayo kwa kauli ya watengenezaji wake hufikia desibeli 103 ikipewa volti 1. Mwenye kusikiliza okestra kwa wastani wa desibeli 80 yamkini atakutana na ngurumo za ghafla zipandazo 20 juu ya wastani huo, na tukimwekea akiba ya 10 nyingine asije akapungukiwa, twapata 110. Hapo hedifoni hiyo yataka volti 2.2 na miliwati 17 tu, kadiri ambayo amplifaya nyingi za mfukoni zaimudu.

Sasa tuitazame HiFiMAN HE-6, ambayo kwa omu zake 50 mtu angeidhania nyepesi. Ndani yake utando mwembamba, mpana, wenye njia bapa za umeme, umewambwa mbele ya safu za sumaku. Na kwa kuwa nguvu ya sumaku hulazimika kuenea katika eneo kubwa, miliwati 1 huzaa desibeli 83.5 pekee. Kuifikisha 110 ile ile kwahitaji takriban miliwati 450, volti 4.7 na mkondo wa miliampea 95, ilhali ile ya omu 300 haikuhitaji hata miliampea 8. Asili ya tofauti hii ni kwamba kila nyongeza ya desibeli 10 hudai nguvu mara kumi; na amplifaya iliyoishiwa volti hukata vilele vya mawimbi, hata pigo la ngoma lililopasa kutua zito hutoka limepasuka.

Ukinzani wa amplifaya yenyewe nao wataka kuangaliwa. Ukinzani wa HD 650 hupanda kukaribia omu 500 katika besi, kwa hiyo amplifaya yenye ukinzani mkubwa huipa besi fungu lililozidi haki yake, na sauti ikawa nzito kuliko alivyoikusudia fundi aliyeirekodi. Kanuni iliyozoeleka ni kutozidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni.

Basi, msomaji, kabla hujatoa fedha yako, soma kwanza usikivu wa hedifoni, nawe uhakikishe kama umepimwa kwa miliwati 1 au kwa volti 1, maana kwa hedifoni ya omu 50 vipimo hivyo hupishana kwa desibeli 13 nzima. Kisha chagua amplifaya ikutoshayo kwa akiba ya wastani, wala usiifungulie sauti mpaka mwisho: kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa salama kuwa desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki.