Kabla ya Kuulizia Chumba, Uliza Bamvua Lini

Tulifika Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, saa tano asubuhi, mimi, mdogo wangu na wanangu wawili. Tulikuwa tumepanda boti ya saa moja kutoka Dar es Salaam na kuchukua teksi pale bandarini Malindi. Chumba nilikuwa nimekipata kwa karibu nusu ya bei za Kendwa, kule kaskazini, na njia nzima nilijiona nimeula. Mwanangu mdogo akavua viatu, akakimbia hadi ngazi ya mwisho ya gesti, akasimama. "Mama, bahari iko wapi?"

Bahari ilikuwa imekwenda. Mbele yetu palikuwa na mchanga mtupu uliolowa, vidimbwi, na mbali kabisa mstari mwembamba wa povu pale mawimbi yanapovunjikia mwambani. Katikati, kina mama walikuwa wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, kamba zimevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, wanakata uliokomaa na kufunga mbegu mpya. Mmoja akapanda ufukweni na gunia linalochuruzika maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja siku za bamvua nyie. Leo mwezi kumi na tano. Subirini, alasiri yatajaa."

Kweli, saa nane maji yakaanza kuingia, saa kumi yakawa yanagonga ngazi. Siku ya pili yakachelewa zaidi. Siku ya tatu watoto walishachoka kungoja, nikakodi teksi kuwapeleka Kendwa, kwenda na kurudi. Ukipiga hesabu kwa mfano: chumba cha mashariki sh 80,000 na cha kaskazini sh 150,000, kwa kulala siku tatu unaokoa sh 210,000. Teksi ya kukata kisiwa kutoka kusini hadi kaskazini na kurudi ikiwa sh 180,000, siku moja tu ya kufuata maji imekula karibu akiba yote. Tangu hapo sianzi na bei ya chumba. Naanza na mwezi.

Kanuni yenyewe kila mvuvi wa Unguja anaijua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za Kiislamu, ndiyo bamvua: asubuhi maji hupwa mbali sana, mwisho wake ni kama saa nne, kisha hujaa hadi kama saa kumi jioni. Tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka. Tarehe 7 au 8, na tena karibu na 22, ni maji mafu: saa nne asubuhi maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, ile inayogawiwa madukani na misikitini, inakutosha kabisa.

Sasa tazama inavyobadilisha uchaguzi wako. Paje, Bwejuu, Jambiani na Matemwe zina pwani tambarare yenye mwamba mbali, ndiyo maana bahari huondoka. Nungwi na Kendwa kina kiko karibu, unaogelea saa yoyote, na hilo ndilo hasa unalolilipia kwenye bei ya chumba cha huko, pamoja na kelele za muziki za usiku. Kwa familia inayotaka kuogelea, shauri langu ni hili: likizo ikiangukia maji mafu, nenda mashariki, lipa kidogo, lala kwa utulivu. Ikiangukia bamvua, ama ukubali bei ya kaskazini, ama uahirishe wiki moja. Kuahirisha ni bure.

Ila si kila mtu anafuata kuogelea. Ukipenda kutembea na kutazama, bamvua ndiyo sikukuu yako. Utatembea hadi katikati ya mashamba ya mwani (vaa yeboyebo, kwa sababu vile viumbe vyeusi vyenye miiba haviuonei mguu huruma). Mgahawa maarufu uliojengwa juu ya jiwe kule Michamvi unaufikia kwa miguu maji yakipwa, na kwa mtumbwi yakijaa. Fungu la mchanga la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, hutokeza vizuri asubuhi ya bamvua na humezwa jioni. Atakayekuuzia safari ya Nakupenda ya saa tisa alasiri siku ya mwezi mpevu anakuuzia maji.

Hapo ndipo tunaingia kwenye bei za mashua, mahali ambapo watu wengi hupigwa bila kujua. Mashua hukodishwa nzima. Nahodha akisema sh 120,000 kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa wenye asili ya Ushelisheli, mkiwa wawili kila mmoja ametoa 60,000. Mkiwa sita ni 20,000. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza si kubishana bei, ni kutafuta wenzako. Kaa kwenye kifungua kinywa, salimia meza ya jirani, waulize kama wanakwenda. Nimewahi kwenda na familia kutoka Mwanza niliyoikuta asubuhi hiyohiyo, na watoto wao hadi leo wanawapigia wangu simu.

Kazi ya pili ni kupunguza mikono. Ukinunua safari hotelini, hoteli ina cha juu chake. Ukinunua kwa papasi anayekufuata kuanzia getini bandarini, naye ana chake, na pengine yeye mwenyewe atakupeleka kwa papasi mwingine. Shuka ufukweni jioni mashua zinaporudi, ongea na nahodha mwenyewe, mtazame anavyofunga chombo chake. Muulize bei kwa shilingi, na umtajie kila kitu kimoja kimoja: miwani ya kuzamia imo? Matunda na maji ya kunywa yamo? Ada ya kuingia kisiwani au ya hifadhi ya bahari, kama kule Mnemba, imo au nalipa mwenyewe? Swali hilo la mwisho ndilo linalotofautisha bei mbili zilizoonekana sawa.

Na jaketi za kuokolea maisha, umuombe akuonyeshe. Akisema zipo nyumbani, ondoka hata kama bei ni ya bure. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Kuna nyumba nyingi Pemba ambazo hadi leo zina pengo. Nafuu inayopatikana kwa kuongeza abiria wanne juu ya idadi sitaihesabu kamwe kuwa nafuu.

Safari moja siipendekezi kwa bei yoyote: kukimbiza pomboo Kizimkazi asubuhi, mashua nyingi zikizunguka kundi moja na watu wakirukia majini juu ya mama na mtoto wake. Pesa hiyo ipeleke msitu wa Jozani. Kiingilio hulipwa getini, unapewa mtu wa kukutembeza, utawaona kima punju, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar, kisha utapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Daladala za kwenda kusini hupita hapohapo barabarani, na kwa nauli ya daladala utajishangaa kwa nini ulifikiria teksi. Teksi ina maana mkiwa wanne na mizigo, kwa sababu nayo hulipwa gari zima. Mkiwa wawili na mabegi ya mgongoni, pandeni daladala namba 116 kwenda Nungwi. Itachukua muda, itasimama kwa kila mwenye kikapu, lakini mtafika.

Kuvuka kutoka Dar, boti ya kasi huchukua kama saa mbili na ndege kama dakika 20. Ndege inavutia hadi uhesabu kwenda uwanja wa ndege, kusubiri, na teksi ya upande wa pili. Kwa Mtanzania mwenye kitambulisho cha NIDA boti ndiyo chaguo, na kitambulisho hicho usikisahau, kwa sababu bila hicho unaweza kudaiwa nauli ya mgeni. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, bahari huchafuka. Meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika.

Ndugu zetu wa ughaibuni wana hesabu nyingine. Binamu yangu anakuja na pasipoti ya Uingereza: viza dola 50, na tangu Oktoba 2024 bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake ya huko. Akija kwa siku mbili au kwa mwezi mzima, gharama hizo hazibadiliki. Kwa hiyo yeye ninamwambia akae muda mrefu, aje Aprili au Mei wakati wa masika ambapo vyumba hushuka sana bei. Mvua itamnyeshea, naam. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa, kwa hiyo apige simu kwanza.

Na Mafia? Mafia ndiyo ninayoipenda zaidi kuliko zote, na ndiyo inayotaka mpango zaidi. Kwa bei nafuu unapanda basi Mbagala hadi Nyamisati, kisha meli kuvuka hadi Kilindoni, nayo huondoka kwa kufuata maji, kwa hiyo unaweza kulazimika kulala njiani. Kwa ndege ni muda usiozidi saa moja. Ukitaka kukaa Utende utaingia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kiingilio chake huhesabiwa kwa siku. Hapo wengi hushtuka. Njia ya kukwepa ni kulala Kilindoni mjini, nje ya mpaka wa hifadhi, hasa kama unachokifuata ni papa potwe, kwa sababu kati ya Oktoba na Februari samaki huyo mkubwa kuliko wote duniani hula karibu na Kilindoni penyewe. Utende nenda siku moja tu, ulipe siku moja, uvuke hadi Chole uone magofu na popo wakubwa waliojining'iniza juu ya miti mchana kutwa.

Mwaka huu tunarudi Jambiani. Tumechagua Ijumaa inayoangukia mwezi ishirini na mbili, na nimeshampigia mwenye gesti kuthibitisha. Akacheka, akasema, "Safari hii dada umeuliza. Maji mtayakuta mlangoni."