Hewa Kwanza, Pistole Baadaye

Malori yanayoingia Bunia kwa Barabara ya Taifa namba 27, iwe yametoka Komanda au Mahagi, huwa na rangi mbili: ya kiwandani na ya vumbi. Mimi nayapaka malori hayohayo, ila yangu yanabebeka kwapani. Jirani yangu seremala, hapa mtaani Mudzipela, huchonga bodi kwa mbao, milango anaikata kwenye bati la mikebe ya maziwa ya unga, na magurudumu anayatoa kwenye soli za kandambili zilizochakaa. Kipimo chetu ni 1 kwa 24, kwa hiyo lori la mita 8 linakuwa na sentimita 33. Likishatoka mikononi mwake, kazi inayobaki ni yangu.

Hesabu hiyo ya 24 ndiyo inayoikataa brashi. Rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi inaweza kukauka ikiwa na unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Zidisha kwa 24: ni sawa na kulipaka lori halisi rangi yenye unene wa zaidi ya milimita 2. Mipaka ya milango inazibika, vichwa vya misumari vinazama, na lori zuri linaonekana kama limechovywa kwenye uji. Pistole za gereji, zinazopaka matangi ya pikipiki na bodi za taksi, nazo hazifai. Tundu lake huwa karibu milimita 1.3, na kwa mguso mmoja zinaweza kufunika kichwa kizima cha lori langu pamoja na vioo vyake.

Kinachohitajika ni aerografu, pistole ndogo inayoshikwa kama kalamu. Ndani yake mna sindano ndefu iliyochongoka, na ncha yake inaziba tundu dogo la mbele. Hewa ikipita kwa kasi kuzunguka tundu hilo inaivuta rangi na kuipasua kuwa chembe ndogo mno. Mmarekani Charles Burdick alipata hataza ya kifaa cha namna hii katika miaka ya 1890, na mpangilio wa sindano na tundu ndio tunaoutumia hadi leo.

Vijana wanaotaka kujifunza kazi hii huniuliza, "Papa, ninunue pistole gani?" Nami huwauliza wao: una hewa gani? Simaanishi kuwakatisha tamaa. Pistole ya bei ya kawaida ikipewa hewa kavu isiyopandashuka itafanya kazi safi. Pistole ya Kijapani ya bei kubwa ikipewa hewa yenye maji na mafuta itatema madoa. Ukiwa na pesa kidogo, sehemu kubwa iende kwenye hewa.

Aerografu inataka mgandamizo mdogo, baa 1 hadi 1.5. Kwenye mita zilizoandikwa psi ni kama 15 hadi 22. Kompresa ya gereji inajaza tangi hadi baa 8, kwa hiyo lazima kuwe na regileta katikati, yenye mita inayosomeka. Usikubali kompresa isiyo na tangi ukiweza kuikwepa. Mota inayosukuma hewa moja kwa moja kwenye mpira hufanya hewa idundedunde, na midundo hiyo unaiona kwenye mstari mwembamba: nene, nyembamba, nene. Tangi linatuliza hewa. Tena kwa mji kama wetu lina faida nyingine: umeme ukikatika katikati ya kazi, hewa iliyobaki inakutosha kumaliza mlango na kuisafisha pistole kabla rangi haijakaukia ndani.

Baadhi ya mafundi huunda kompresa kutoka kwenye friji mbovu. Haipigi kelele, na kwa kazi ya nyumbani hilo ni jambo kubwa. Lakini gesi itolewe na fundi wa friji, wala usikate mirija mwenyewe. Mashine hiyo hutema mafuta kidogo pamoja na hewa, kwa hiyo inahitaji chujio la mafuta. Inahitaji pia swichi inayoizima mgandamizo ukifika kiwango, na vali ya usalama. Bila hizo itaendelea kusukuma, na tangi lililooza kwa ndani halitoi taarifa kabla ya kupasuka.

Asiye na umeme kabisa anaweza kutumia gurudumu la gari. Fundi wa matairi analijaza, kisha mpira wa hewa unaunganishwa kwenye vali yake kupitia regileta. Gurudumu la gari dogo linatoa dakika chache tu, la lori linatoa kazi ya maana. Liwe gurudumu kamili, tairi likiwa kwenye rimu yake. Tyubu peke yake haina kitu cha kuizuia isivimbe na kupasuka.

Halafu kuna maji. Hewa ikigandamizwa inapata joto. Ikipoa, mvuke uliomo unageuka matone, na majira ya mvua hapa Ituri matone hayo si haba. Tone moja likipita kwenye pistole linaacha jicho jeupe katikati ya rangi. Mtego wa maji ufungwe mbali na kompresa, hewa ikiwa imeshapoa, na tangi lifunguliwe kila jioni limwage maji yake.

Sasa pistole yenyewe. Chagua yenye kifyatulio cha kazi mbili: ukikibonyeza inatoka hewa, ukikivuta nyuma inafuata rangi. Siku za mwanzo kidole kitakataa, lakini ndiyo namna pekee ya kuongoza wingi wa rangi huku mkono ukitembea. Anza na hewa, malizia na hewa. Kikombe kikae juu, rangi ishuke yenyewe. Yenye chupa chini inabeba rangi nyingi lakini inadai mgandamizo mkubwa zaidi. Tundu la milimita 0.3 linatosha karibu kazi zote za kipimo chetu. La 0.2 linaziba kwa chembe yoyote, na rangi zetu nyingi ni za magari, hazikusagwa kwa ajili ya tundu hilo. Pistole hizi wengi hapa huziagiza Kampala. Kabla ya kulipa, hakikisha muuzaji ana sindano na tundu la akiba, kwa sababu sindano ikidondoka na ncha ikapinda, rangi itatoka upande.

Rangi ichanganywe na tina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kisha ichujwe kwa kipande cha soksi ya nailoni. Shika pistole sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye lori. Rangi ikifika imekauka na kukwaruza kama msasa, uko mbali au hewa imezidi. Ikitawanyika michirizi, uko karibu mno au imezidi tina. Paka tabaka nyembamba, ya kwanza ibaki ikionyesha mbao, usiwe na haraka ya kufunika.

Sehemu niipendayo ni vumbi. Madereva wanaoninunulia hutazama hapo kabla ya kutazama nembo. Nachanganya kahawia, nyekundu na tone la njano, naongeza tina maradufu, nashusha hewa chini ya baa 1, kisha natoka chini kupanda juu: nzito nyuma ya magurudumu, hafifu kwenye milango, karibu hakuna kwenye paa. Rangi ya bodi lazima iendelee kuonekana chini yake. Kwenye kioo cha mbele nabandika kipande cha karatasi kilichokatwa mfano wa njia ya waipa, nikikibandua, dereva anaona lori lake.

Ukimaliza, safisha papo hapo. Mimina tina safi kikombeni, ziba mdomo wa pistole kwa kitambaa ili hewa irudi nyuma na kububujika, mwaga, rudia mpaka itoke nyeupe. Usiiloweke pistole nzima kwenye tina, itakula mipira ya ndani.

Na mapafu. Chembe za aerografu ni ndogo kuliko zile za pistole kubwa, zinaingia ndani kabisa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa tina; tafuta ile yenye makopo ya kichujio cha mvuke, na makopo yabadilishwe ukianza kusikia harufu. Rangi za magari zinazochanganywa na kikaushio zina isosayaneti, inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Hizo mimi sizipulizi kabisa chumbani, hata nikiwa nimevaa barakoa. Paka kwenye baraza, upepo ukitokea mgongoni mwako, jiko la makaa likiwa mbali, na watoto wakiwa upande unakotoka upepo.