Gauni moja la rangi moja, shughuli tatu: namna ya kupendeza bila kumaliza mpunga wa ndani

Mpunga ukishavunwa na kuingia ndani, kadi za michango nazo zinaanza kuingia. Msikilizaji wetu wa Mlimba, Mngeta, Chita au Mchombe hahitaji kuelezwa hili. Kuanzia mwezi wa sita kwenda mbele ni komunio, kipaimara, kicheni pati, sendofu, harusi, na karibu kila shughuli ina sare yake.

Sare ina raha yake. Kina mama thelathini wakiingia ukumbini na kitenge kimoja, hata mpiga picha anasahau kazi. Shida ni hesabu. Gauni la kitenge la mtu mzima linakula yadi tatu au nne, wakati mwingine zaidi, ukitaka na marinda. Juu yake kuna pesa ya fundi, bitana, zipu. Halafu kwa kuwa kila mtu ameliona siku ile, na picha zimebaki kwenye simu za watu wote, gauni hilo linavaliwa mara moja, labda mara mbili, kisha linageuka nguo ya nyumbani. Mwenye shughuli tatu ananunua mara tatu.

Ili apate kitambaa kwa wakati, mtu anauza mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza, na ikifika mwezi wa kwanza ananunua mchele dukani. Mwingine hana hata wa kuuza. Huyo anabaki nyumbani, anasema anaumwa kichwa, na ndugu yake anaolewa yeye hayupo.

Makala hii inaeleza njia moja ya kuondokana na hilo: kuwa na vazi moja zuri la rangi moja, lisilo na maua, kisha kulibadilisha kila mara kwa kitu kimoja kinachovuta macho. Kinaweza kuwa kilemba, ushanga, mkanda au mkoba.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu macho ya watu hukumbuka ua, hayakumbuki rangi tupu. Ukivaa kitenge chenye tausi wakubwa, wiki tatu baadaye utasikia, "Hilo si lile la kwa mama Neema?" Ukivaa gauni la bluu iliyokolea, hakuna atakayeuliza. Atakachokumbuka ni kilemba cha njano ulichofunga siku ile, na leo umefunga kingine.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko simu na kuliko vitenge. Katika karne ya 19 nguo zilizotawala biashara ya Pwani na bara zilikuwa za rangi tupu. Ya kwanza ni merikani, pamba isiyotiwa rangi, iliyopewa jina hilo kwa sababu ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Kimarekani, hasa baada ya mkataba wao na Seyyid Said mwaka 1833. Ya pili ni kaniki, nguo ya bluu nzito inayokaribia weusi. Misafara ilizibeba nguo hizi kwenda bara na zilitumika kama fedha. Vaa kaniki, na mwenzako kavaa kaniki. Tofauti yenu itaonekana wapi? Kwenye shanga, bangili na nywele.

Na shanga hazikuwa jambo la mchezo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyetoka Pwani kwenda bara mwaka 1857, aliandika kirefu kuhusu aina za shanga na namna kila sehemu ilivyotaka rangi yake. Mfanyabiashara aliyefika na shanga ambazo fasheni yake imepita mahali hapo alirudi na mzigo. Kwa hiyo bibi zetu walikuwa wateja wagumu vilevile.

Mifano mingine tunaiona mpaka leo. Pwani, buibui jeusi na dhahabu au hina mkononi. Kwa wanaume, kanzu nyeupe isiyo na neno, na juu yake baraghashia iliyotariziwa kwa mkono ambayo kazi yake huchukua wiki nyingi. Hapa hapa bondeni, angalia wafugaji wa Kimasai wanapofika mnadani: shuka nyekundu, na shingoni na masikioni shanga nyeupe, bluu na machungwa zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Nguo imetulia, shanga zinafanya kazi.

Sasa tuje kwako. Anza na gauni. Usikimbilie jeusi kwa sababu tu linaenda na kila kitu. Mlimba ina joto na unyevu, na shughuli nyingi zinaanza saa nane mchana chini ya turubai; nyeusi inakusanya joto, na ikiwa ni ya polista, jasho litakuandika mgongoni. Rangi zinazodumu ni bluu iliyokolea, kijani kibichi kilichokolea, zambarau, damu ya mzee na ugoro. Nyeupe na maziwa ni nzuri mpaka mvua inyeshe na ukumbuke barabara zetu. Pamba au kitambaa chenye pamba ndani yake ni bora kuliko kile kinachong'aa. Kinachong'aa kinaonekana kizuri dukani, lakini kwenye picha ya simu yenye mwanga wa taa kinatoa mabaka, na tena kinashindana na ushanga wako.

Kwenye marobota ya mitumba mnadani magauni ya rangi moja yapo, na mara nyingi hayagombaniwi kwa sababu yanaonekana ya kawaida. Kagua kwapa, mshono wa pembeni na zipu. Likiwa kubwa, fundi analipunguza. Likiwa dogo, liache. Hakuna fundi wa muujiza.

Kisha chagua kitu kimoja. Hapa ndipo wengi tunakosea. Mtu anafunga kilemba cha kitenge, anavaa hereni kubwa, mkufu wa ngazi tatu, mkanda mwekundu na viatu vya dhahabu, kisha anashangaa kwa nini hakuna aliyesifia. Macho hayajui yaanzie wapi. Kilemba kikiwa kikubwa, hereni ziwe ndogo na shingo ibaki wazi. Ukitaka ushanga mpana wa shingoni, nywele zibane vizuri, kichwa kisiwe na kitu. Ukitaka mkoba wa ukindu uliotiwa rangi, wale wasukaji wetu wanaousuka kwa zambarau na kijani, mkoba huo unatosha.

Mimi hupenda kitu hicho kikae juu, karibu na uso. Picha nyingi za shughuli zinapigwa watu wakiwa wamekaa mezani, viatu havionekani kabisa. Pesa ya viatu vya kung'aa ni afadhali iende kwenye kilemba.

Kuhusu kilemba chenyewe, kuna siri ndogo. Tafuta kitenge ambacho ndani ya maua yake kuna chembe ya rangi ya gauni lako. Gauni ni damu ya mzee? Kitenge cha njano na machungwa chenye mstari mwembamba wa damu ya mzee kitaonekana kama vimenunuliwa pamoja. Bila chembe hiyo, kilemba kinaonekana cha kuazima. Nenda na gauni lako dukani, au angalau kipande chake, na usitegemee kumbukumbu wala picha ya simu, maana simu hubadilisha rangi.

Yadi moja na nusu inatosha kilemba cha heshima. Hapo ndipo hesabu ya sare inapogeuka. Kitenge cha yadi sita, ambacho kingetoa gauni la mtu mmoja na mabaki, kinatoa vilemba vinne. Wanawake wanne wa ukoo mmoja wanachanga, wanakata, kila mmoja anavaa gauni lake la rangi moja alilonalo na kichwani wote wako sawa. Ukumbini wanaonekana ni watu wa upande mmoja. Wanaume wa upande huo wanaweza kupata kipande cha mfukoni au tai kutokana na kitenge hichohicho, juu ya shati jeupe.

Kuhusu kufua: gauni jipya la rangi iliyokolea lifue peke yake mara mbili tatu za kwanza, kwa maji baridi. Niliwahi kuloweka sketi mpya nyekundu pamoja na shati jeupe la kwaya, na Jumapili ile niliimba nikiwa na shati la waridi. Lianike kivulini, ndani likiwa nje, kwa sababu jua letu la saa sita ndilo linalochujua rangi haraka kuliko sabuni. Gauni la maua likichujuka kidogo halionekani. La rangi moja likichujuka mabegani, kila mtu anaona.

Inabaki kamati. Huwezi kujitokea tu siku ya sherehe na kilemba wakati wenzako wana sare kamili. Itaonekana dharau, na mwenye shughuli ataumia. Sema mapema, na umwambie mtu mmoja badala ya kuandika kwenye kundi la simu ambako watu mia wanasoma. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo shangazi. Nimeona sare ya dada, ni nzuri sana. Mwaka huu kwangu mambo ni mazito kidogo, nyumba nzima hatutaweza magauni manne. Naomba tununue kitenge kimoja tufunge vilemba, na chini tuvae bluu yetu. Mchango wangu wa chakula uko palepale. Naomba unisemee kwa kamati."

Kamati nyingine hufanya vizuri zaidi tangu mwanzo: hutangaza rangi, si kitambaa. Wakisema "upande wa bibi harusi ni kijani", kila mtu anafungua begi lake kwanza kabla ya kwenda dukani. Na aliye na uwezo wa kushona kitenge kipya cha kijani anashona, hakuna anayemzuia.