Uzi Mmoja na Nguvu za Umeme

Mara nyingi twawasikia watu wenye elimu wakibishana kana kwamba muziki wa wazee na mitambo ya kisasa ni fahali wawili wasioweza kukaa zizi moja. Wengine wasema muziki wa asili ufungiwe sandukuni usije ukachafuliwa. Wengine wasema utupwe, kwa kuwa wakati wake umepita. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimekosea, na ushahidi wetu twauchukua Vietnam, nchi ambayo wengi wanaijua kwa vita vyake kuliko kwa nyuzi zake.

Kiko huko chombo kiitwacho đàn bầu. Kina uzi mmoja tu, uliolazwa juu ya ubao mrefu na kufungwa mwisho wake kwenye ufito unaopindika, uliopita katika kibuyu kidogo. Mpigaji hudonoa uzi kwa kijiti, huku ukingo wa kiganja ukiugusa kidogo mahali panapopasa. Na mkono wa kushoto huupinda ufito, sauti ikapanda, ikashuka, ikatetemeka kama mtu aliaye. Je, ni kwa nini watu wakajitaabisha hivyo? Ni kwa sababu lugha yao yenyewe ni ya kupanda na kushuka. Katika Kivietnam cha kaskazini ziko namna sita za kuichukua sauti ya silabi moja. Neno "ma" laweza kuwa mzimu, au shavu, au lakini, au kaburi, au farasi, au mche wa mpunga, kwa jinsi litamkwavyo. Basi muziki usioweza kuteleza hauwezi kusema maneno ya watu wale.

Siku za utawala wa Ufaransa gitaa liliingia nchini humo. Gitaa la Ulaya lina sauti zilizopangwa moja moja, kama ngazi. Wanamuziki wa kusini hawakulikataa, wala hawakulisujudia. Walichukua patasi wakauchimba ubao wa shingo yake, kati ya chuma na chuma, hata uzi ukaweza kukandamizwa ndani na sauti ikapindika kwa desturi yao. Hali kadhalika đàn bầu, ambacho sauti yake ni ndogo, kilitiwa sumaku na kikuza sauti katika karne ya 20, kikaweza kusikika katika jumba kubwa. Hatusikii mtu akisema leo ya kuwa kwa hayo kimeacha kuwa cha Kivietnam. Mashine ilifanywa mtumishi, nayo ikatumika.

Lakini hatari ipo, na si haki kuificha. Shule ya muziki iliyofunguliwa Hanoi mwaka 1956, ambayo leo ni Chuo cha Taifa cha Muziki, ilifuata kwa sehemu kubwa njia za vyuo vya Ulaya: muziki uandikwe, sauti zipimwe, wanafunzi wafundishwe darasani. Faida yake ilikuwa kubwa. Hata hivyo, yale yaliyopitishwa kutoka kinywa hata sikio hayaingii yote katika karatasi. Tazama uimbaji wa ca trù. Siku za ukoloni ulihusishwa na nyumba za anasa, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1945 ukaachwa kwa aibu hiyo, hata waliobaki kuujua wakawa wazee wachache. Mwaka 2009 UNESCO iliuweka katika orodha ya mambo yahitajiyo kuokolewa kwa haraka. Sanaa ya karne nyingi ilikaribia kuzikwa katika maisha ya mtu mmoja!

Kwa hiyo twawatazama kwa heshima wale wafanyao kazi mpya bila kukata mizizi. Nguyễn Thiên Đạo, aliyezaliwa Hanoi mwaka 1940 na kufariki mwaka 2015, alisoma utunzi Paris kwa Messiaen, akaingiza katika muziki wa leo mitelezo ya sauti za kwao. Mwaka 2006 kikaundwa kikundi cha The Six Tones, yaani sauti sita, ambamo Nguyễn Thanh Thủy na Ngô Trà My, wapigaji wa nyuzi za Vietnam, hushirikiana na Stefan Östersjö, mpiga gitaa wa Uswidi, na kutumia pia mitambo ya umeme. Mwaka 2012 walitoa kazi iitwayo Inside/Outside, iliyowaweka wapigaji ndani ya visanduku vya kioo. Waliuliza swali zito: kwa nini mwanamke apigaye nyuzi katika televisheni hutakiwa kutabasamu na kuyumbayumba kama pambo, wakati yeye ni fundi mwenye kazi yake? Mwaka huo huo mtunzi Kim Ngọc alianzisha huko Hanoi kituo cha muziki wa majaribio kiitwacho Đom Đóm, maana yake kimulimuli.

Je, tutapimaje kazi za namna hii? Kipimo chetu ni cha mambo matatu. Kwanza, aliyeshika mashine awe amejifunza kwanza kwa fundi mzee, kwa maana huwezi kugeuza usichokijua. Pili, mashine ifuate mwendo wa sauti, si sauti kulazimishwa kufuata ngazi za mashine. Tatu, mzee ambaye sauti yake imenaswa na kukatwakatwa ndani ya kompyuta atajwe jina na apewe ujira wake, kwa kuwa hiyo ni jasho lake kama lilivyo jasho la mchimba mtaro.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Twaongeza ya kuwa hata mwenye kuifungia asili sandukuni ameiacha, maana atakapofungua atakuta vumbi. Uzi ule mmoja waendelea kulia kwa sababu wako watu waliodiriki kuupinda bila kuukata.